Usipande jukwaani na hasira hiyo Jumamosi. Mimi nilipanda

Usipande Jumamosi. Futa jina lako kwenye orodha, sema unaumwa, sema umepotea njia, lakini usipande.

Nimesoma uzi wako mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Kwa wanaoingia sasa: mleta uzi anasema bosi wake alichukua kazi yake ya miezi mitano akaiwasilisha kwa wakubwa kama ya kwake. Alipolalamika akadhalilishwa mbele ya wenzake. Wiki iliyopita akaacha kazi kwa kubamiza mlango, na tangu siku hiyo vichekesho vinamtoka kama bomba lililopasuka. Amepewa dakika kumi Jumamosi kwenye usiku wa wachekeshaji wapya. Anauliza kama ni kweli hasira inazaa ubunifu, kama amtaje bosi kwa jina, azipange vipi hizo dakika kumi, na afanyeje akizomewa. Chini yake wamejipanga watu ishirini na kitu wanamwambia "panda na moto huohuo mkuu, usiupoze."

Nyie ishirini, hakuna hata mmoja wenu atakayekuwa pale juu naye. Wengi wenu hamtakuwa hata ukumbini. Mnachosubiri ni klipu.

Miaka sita iliyopita nilikuwa nachekesha na mwenzangu, wawili wawili, yeye mrefu kama mlingoti na mimi hivi nilivyo. Daftari letu lilikuwa moja. Miaka minne tuliandika humo, mwandiko wake na wangu umechanganyikana mpaka ukurasa mwingine hatukujua nani kaandika nini. Siku moja naona klipu, yuko peke yake kwenye ukumbi mkubwa kuliko wowote tuliowahi kuingia, anasema maneno yangu. Sisemi yanayofanana na yangu. Kuna kichekesho kimoja ambacho mimi hukohoa kidogo kabla ya neno la mwisho, siyo mbinu, ni koo langu tu lina shida. Na yeye alikohoa. Ameniibia mpaka kikohozi.

Kwa hiyo usidhani sijui unavyojisikia. Usiku ule niliandika kurasa kumi na moja bila kunyanyua kichwa. Zilikuwa zinakuja zenyewe. Nilicheka peke yangu, nikajiona nimepata kipaji kipya.

Hapo ndipo anapoingia mwalimu. Nilikuwa nahudhuria semina ya uchekeshaji kila wiki, na aliyekuwa akitufundisha alikuwa na sauti nzito na skafu. Jina lake simtaji, na siyo kwa wema, sababu mtaiona huko mbele. Nikamsomea kurasa zangu mbili. Akafumba macho, akasema: "Hasira ni petroli. Ukiiacha wazi inaruka hewani. Panda nayo wiki hii." Akanipiga na Juvenal, yule mshairi Mroma wa miaka kama 1900 iliyopita, aliyesema kipaji kikikataa, hasira hutunga mashairi. Akaongeza na Jonathan Swift, mwandishi wa Ireland wa miaka kama 300 iliyopita, aliyejiandikia mwenyewe maneno ya kaburini kwake kule Dublin kwamba sasa amelala pale ambapo ghadhabu kali haiwezi tena kumrarua moyo. Darasa zima likaguna kwa heshima. Mimi nani nibishane na kaburi?

Petroli. Sasa mtu mzima, unaambiwa ulichonacho ni petroli, halafu unaipeleka kwenye taa za jukwaa umeibeba mdomoni. Nalaumu skafu.

Nilipanda siku nane baadaye. Dakika kumi na mbili, sikupunguza hata neno, kwa sababu kila neno lilikuwa la haki. Na nikwambie kitu ambacho kitakudanganya na wewe: dakika ya kwanza walicheka sana. Hasira ina nguvu, macho yanawaka, sauti haitetereki, mtu hawezi kuangalia pembeni. Nilijisikia mrefu. Dakika ya pili wakacheka. Ya tatu wakacheka wale wa mbele. Dakika ya nne nikafika kwenye kabati.

Kabati ni hivi. Mwenzangu alipokuwa mtoto alikuwa na kigugumizi kikali. Kila jioni alikuwa anaingia kwenye kabati la nguo, anafunga mlango, anazungumza na makoti. Makoti hayamkatizi mtu, hayammalizii neno. Alinieleza siku moja usiku tukirudi kutoka kwenye onyesho, tunatembea, akaniambia sijawahi kumwambia mtu. Ndivyo alivyojifunza kuongea, na ndivyo alivyokuja kuwa mchekeshaji.

Nikaliigiza. Nikajikunyata, nikashika koti la hewani, nikasema "ma-ma-ma-makoti, ha-ha-hamjambo."

Wewe hujapanda bado, kwa hiyo hujui kuwa ukimya una aina zake. Kuna ukimya wa watu wanaosubiri, huo mtamu. Kuna wa watu ambao hawajaelewa, huo una minong'ono. Huu mwingine nilikuwa siujui. Dada mmoja wa meza ya mbele alikuwa amenyanyua glasi, akairudisha mezani taratibu bila mlio, unavyofunga mlango wa chumba alicholala mgonjwa. Mtu mmoja nyuma akasema "aah", kwa sauti ndogo tu, ya mtu aliyekanyaga kitu gizani.

Mtu mwenye akili zake angesimama hapo. Aliyekasirika haoni hivyo. Anadhani hawajasikia. Kwa hiyo nililirudia, mdogo wangu. Kwa sauti ya juu zaidi. Na mikono.

Meza ya tatu alikuwa amekaa mama yake.

Nilimwalika mimi mwenyewe, miezi miwili nyuma, wakati tulikuwa tupande wote wawili. Baada ya ugomvi nikasahau kabisa kama nilimwalika, na yeye hakuwa mtu wa kufuatilia ugomvi wetu, alijua tu usiku ule vijana wake wanachekesha. Huyu mama alikuwa na tabia ya kupiga makofi kabla ya pa kuchekea hapajafika, ili kutusaidia. Usiku ule nilisikia makofi yake kwenye kichekesho cha kwanza nikayachukulia ya mtu mwingine. Kabati lile lilikuwa la kwake. Yeye ndiye aliyekuwa akihamisha mashuka kila jioni mtoto apate pa kusimama. Akainuka. Hakuja juu, hakunitukana. Alikuwa anatafuta mkono wa sweta lake, haupati, anazungusha mkono nyuma hivi, haupati, na mimi kipaza sauti kiko mkononi naendelea kuongea, kwa sababu dakika zilikuwa bado nane na zote za haki. Aliupata ule mkono wa sweta baada ya muda ambao mpaka leo naweza kukuhesabia.

Sekunde arobaini za klipu ndizo zilizosambaa. Siyo ile dakika ya kwanza waliyocheka, bila shaka. Wiki moja kabla kila mtu alikuwa upande wangu, wachekeshaji wenzangu walikuwa wananipigia simu wanasema jamaa kakukosea sana. Nilipanda jukwaani mwenye haki nikashuka mkosaji, na aliyeniibia akawa ndiye wa kuonewa huruma. Hakuna aliyenifukuza. Walinyamaza tu. Mwenye ukumbi akawa "yuko kwenye kikao" kwa miezi kumi na minne. Vikao vingine virefu jamani.

Halafu sikieni ya mwisho. Kuna msemo, hasira za mkizi furaha ya mvuvi: samaki anaruka kwa ghadhabu, anaangukia ndani ya mtumbwi mwenyewe. Miezi miwili baadaye mwenzangu akapanda. Akasimama kimya kidogo, akaachia kigugumizi chake kirudi makusudi, akasema: "Ni-ni-ni kweli niliiba vichekesho vyake. Lakini kile cha kabati ni changu. Kwa hiyo sasa tuko sawa."

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Na mimi nililicheka. Niko peke yangu chumbani, nikalicheka kwa sauti, halafu nikarusha simu. Niliirusha kitandani, sina hasira za kijinga.

Alikiri wizi kwa sentensi moja, akanisamehe kwa nyingine, na bado akanipiga. Mimi kwa kurasa kumi na moja sikuweza hata kimoja kati ya hivyo.

Sasa swali lako la kwanza, kama hasira inaleta ubunifu. Inaleta, na wanaokuletea "hasira hasara" hapa chini nao waende zao, hawajawahi kuandika kitu. Ila inaleta vipi? Watafiti wa Uholanzi waliwahi kuwakasirisha watu wakawapa kazi ya kubuni mawazo, matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Waliokasirika walianza kwa kasi kuliko wengine, mawazo mengi na ya ajabu, hayana mpangilio, halafu yakapungua jinsi muda ulivyokwenda. Soma tena hapo. Wanaanza kwa kasi, halafu wanaisha. Mwalimu wangu angesoma hiyo nusu ya pili, leo ningekuwa na rafiki. Kurasa kumi na moja ni halali yako, ziandike leo usiku, ziandike mkono uvimbe. Huo ndio wakati wake. Kuandika siyo kupanda.

Na yule aliyekomenti kwamba "ukimtapika jukwaani utapona": hapana kaka. Brad Bushman, mwanasaikolojia wa Marekani, alilijaribu hili kwa wanafunzi 600, matokeo yakatoka 2002. Walitukanwa kwanza, halafu kundi moja likapewa mfuko wa kupiga ngumi huku likimfikiria aliyewatukana, jingine likapiga likifikiria mazoezi, jingine likakaa tu kimya dakika chache. Waliopiga huku wakimfikiria mbaya wao ndio waliobaki na hasira kuliko wote. Waliokaa kimya walitoka nafuu. Mimi nilishuka jukwaani nina hasira kuliko nilivyopanda, nikadhani nina kasoro, kumbe ndivyo mwili ulivyo. Unaupiga mfuko, mfuko unakukumbusha.

Upande wa kucheka nao una maelezo yake. Kuna nadharia ya McGraw na Warren, watafiti wa Marekani, ya 2010, inasema mtu anacheka pale kitu kinapokuwa kimevunja utaratibu na wakati huohuo kinaonekana hakina madhara. Vyote viwili kwa pamoja. Ukipanda unatetemeka, watu wanaona la kwanza tu. Wanaona madhara, wanakuonea huruma, au wanamwonea huruma unayemsema. Mdomo haucheki hapo, unatafuta maji. McGraw na wenzake wakaja kupima vichekesho kuhusu tufani Sandy iliyoipiga Marekani Oktoba 2012. Kabla madhara hayajajulikana watu waliviona vinachekesha. Madhara yalipojulikana vikaporomoka. Vikaja kupanda mpaka kilele karibu siku ya 36, na kufika siku ya 99 vilikuwa vimeshachuja. Usije kuniuliza ukihesabu 36 kutoka siku uliyoacha kazi unapata lini, ile ilikuwa tufani na watu waliokuwa wanapimwa wengi wao nyumba zao zilikuwa zimesimama. Yako imeezuliwa paa wiki iliyopita. Mimi ilinichukua mwaka na kitu, na mimi ni mwepesi.

Swift nilikuja kumsoma mwenyewe baadaye, maana nilitaka kujua kaburi lilinidanganya wapi. Halikunidanganya kaburi, ilinidanganya skafu. Mwaka 1729 Swift, akiwa amechoshwa na namna maskini wa Ireland walivyoachwa wafe, alichapa kijitabu kinachopendekeza kwamba watoto wao wauzwe wawe kitoweo cha matajiri. Na hapigi kelele hata mstari mmoja! Anayezungumza mle ni bwana mstaarabu mwenye mahesabu: watoto 120,000, tuweke 20,000 kwa ajili ya kuzaliana, 100,000 waliobaki wauzwe wakifika mwaka mmoja. Anapendekeza kwa unyenyekevu. Anasema yeye hana faida yoyote katika hili. Unasoma unasikia mtu anajumlisha, na nyuma ya ile kalamu ya kujumlishia ndiko iliko ghadhabu iliyomrarua moyo. Yaani yule mwalimu alitupa maneno ya kaburini na hakutufungulia hata ukurasa mmoja wa mtu mwenyewe. Ada tulilipa.

Sasa shika hii moja, hata kama mengine yote utayasahau: usipande na hadithi ambayo bado unataka kushinda.

Sisemi subiri hasira iishe. Ikiisha utakuwa huna kitu, utapanda kusimulia hali ya hewa. Nasema subiri mpaka uache kuhitaji wale watu wakupe haki. Kumtaja jina ni dalili. Ukiona lazima ajulikane ni nani, hapo unatafuta mahakama, wala siyo kicheko, na mahakama halisi nayo ipo, sheria ya kashfa haitakuuliza kama ukumbi ulicheka. Ndiyo maana mwalimu wangu simtaji. Bado nataka kumshinda. Miaka sita! Akisoma hapa ajue skafu nimeipunguza, mwanzoni nilikuwa nimeiandikia aya mbili.

Kipimo ninachotumia ni kutafuta mahali mimi mwenyewe ni mjinga. Kama hadithi nzima sina hata sehemu moja ya ujinga, bado nina kesi. Miezi ile ya ukimya nilirudi kwenye zile kurasa kumi na moja na nikakuta nilikuwa nimemworodheshea mwenzangu madhambi yake kwa namba. Namba 1, mwizi. Namba 2, mwongo. Namba 3, amesaliti undugu. Yako 31. Nikashuka nayo nikafika namba 17: "Harudishi kifuniko cha kalamu."

Nimeipigia mstari mara mbili. Kwa wino mwekundu. Maana yake ni kwamba usiku wa saa nane, nimeibiwa maisha yangu, niliinuka nikaenda kutafuta kalamu nyekundu kwa ajili ya kifuniko. Na niliipata, na haikuwa na kifuniko, na nikakumbuka kwamba ile kalamu ni ya kwangu na huyo jamaa hajawahi kuigusa.

Nilipokuja kupanda tena, zile dakika kumi na mbili zilibaki nne. Kabati halimo, halitakuwamo. Mwizi yumo kwa sentensi moja. Zilizobaki ni mimi na orodha yangu, nasoma namba kwa sauti ya hakimu, mpaka kumi na saba. Watu walicheka kwa namna ambayo ile dakika yangu ya kwanza ya petroli haikuwahi kunipa. Na hasira ilikuwamo, aisee, usidhani ilikuwa imepoa. Mwandiko wenyewe umechana karatasi.

Mama yake sijamwona tena. Nilimwandikia barua, ya kawaida, haina vichekesho. Hilo tuliache.

Kuhusu kupanga dakika kumi nitarudi kukujibu, kuna namna nzuri ya kufanya, inahusu kuanza na kitu ambacho… ngoja kwanza. Nimerudi kusoma uzi wako mara ya tatu sasa hivi. Una mistari arobaini unamsema bosi. Mwizi, mnafiki, kichwa kikubwa, sawa, sawa. Halafu mstari wa thelathini na kitu umeandika, kwa kupita tu, kwamba baada ya kubamiza mlango na kuondoka "ilibidi nirudi kuchukua mto wangu wa kwenye kiti."

Ulirudi? Baada ya kubamiza? Mlango si unajifunga ukibamizwa, kwa hiyo ulibisha hodi. Nani alikufungulia? Uliushika vipi huo mto ukitoka, kwapani au mbele kama trei? Kuna mtu alikupisha kwenye lifti?

Jumamosi nenda, kaa meza ya nyuma, usipande. Na kabla hujaenda, andika hapa chini ya komenti yangu, taratibu, bila kumsema mtu: nani alikufungulia mlango?